Majina Kumi na Tisa Nyuma ya Daftari

Nianze na lile ambalo mngeniuliza mwishoni: hapana, yule mama hakufa. Yuko sokoni Rugaaga mpaka leo, anauza nyanya na maharage, na kila nikienda kwake ananiongezea nyanya mbili juu ya fungu. Anadhani namtazama sana kwa sababu ya uzee. Nawaambia mapema ili msome kwa utulivu, maana mimi siku ile sikuwa na utulivu hata wa kijiko.

Ninyi wauguzi na wakunga vijana mliniomba nije kuzungumza kwenye mkutano wenu, nikakataa kwa kisingizio cha meno. Ukweli ni kwamba habari hii nikiisimulia kwa mdomo huwa naipamba nionekane shujaa. Kwenye karatasi naona aibu kudanganya, kwa hiyo nimeona niwaandikie.

Mimi niliingia Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, na vyeti vyangu ndani ya mfuko wa sukari. Nilikuwa muuguzi tangu Kivu Kusini, nimesomea kazi kwa Kifaransa, na hapa kila karatasi ya hospitali ilikuwa ya Kiingereza. Wakimbizi wenzangu waliniita munganga, kama kwetu tunavyomwita mtu yeyote mwenye sindano mkononi. Kiingereza changu cha wakati ule kilitosha kusalimia na kuomba maji ya kunywa. Nilipewa koti jeupe siku ya tatu, na siku ya nne nikagundua kwamba kituo kizima kina kitabu kimoja tu cha mwongozo wa tiba, nacho kiko ndani ya kabati lenye kufuli.

Ufunguo ulikuwa shingoni kwa Sista Kyomugisha, mkuu wa kituo. Msimchukie bado. Nakala ya kwanza aliyoletewa aliiacha mezani kwa moyo mweupe, na baada ya mwezi akakuta ukurasa wa minyoo umefungiwa karanga getini. Ya pili akaivalisha nailoni, akaifungia, na kila tulipouliza alijibu vilevile, akituita ssebo, yaani bwana.

"Kitabu iko salama, ssebo. Wewe nataka soma, ngoja Ijumaa."

Wagonjwa hawakujua habari za Ijumaa, lakini ndivyo tulivyofanya kazi. Hata bango la kumhudumia mtoto asiyepumua, lenye picha nzuri za rangi, lilipoletwa lilitundikwa ofisini, kwa sababu kwenye chumba cha kuzalishia lingechafuka. Kwa hiyo mhasibu wetu alijua vizuri sana kumwamsha mtoto mchanga. Ukitaka kumuuliza daktari wa hospitali kubwa ya Mbarara, ilibidi uende kwenye mikaratusi nyuma ya choo, mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao, na ukisogea hatua moja kushoto, daktari anabaki na nusu ya swali lako.

Ndipo nikaanza daftari. Nataka mlielewe daftari hilo, kwa sababu nililipenda kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu. Lilikuwa na jalada la bluu, na kila Ijumaa nilikaa na kitabu cha Sista mchana mzima, kamusi ya Kifaransa upande mmoja, nikinakili kwa Kiswahili chetu cha kazi: ugonjwa, dalili, dawa, kiasi. Mwandiko wangu ni mzuri. Sijisifu, hata maadui zangu wanakubali. Vichwa vya habari nilivipigia mstari kwa rula.

Kitabu kilitaja dawa kwa gramu na miligramu. Mimi niliona wenzangu wanavyohangaika na hesabu wakati mgonjwa anatapatapa, nikawahurumia. Kwa dawa za sindano nikageuza gramu zote kuwa vichupa: kichupa kimoja, vichupa viwili, vichupa vitatu. Mwalimu wangu wa zamani ndivyo alivyotufundisha, na vichupa tulivyokuwa tunapokea Nakivale vilikuwa sawasawa na vile vya kwetu. Nilifanya hivyo kwa roho safi, na bado nasema ni kosa kubwa kuliko yote niliyofanya katika kazi hii.

Daftari likapata jina. Ikawa desturi kwamba mfanyakazi mpya, kabla hajashika mgonjwa, analeta daftari lake jipya na chupa ya Fanta, anakaa na mimi siku tatu akinakili langu neno kwa neno. Walikuja hata kutoka Rugaaga. Wa mbali wangeweza kunakili kwa wa karibu, lakini mimi nilitaka kila mtu aje kwangu mwenyewe, na akimaliza nilimfanya atie saini ukurasa wa nyuma kabisa wa daftari langu, jina na kijiji, ili siku moja watu waone nilifundisha wangapi. Majivuno matupu. Yalifika majina kumi na tisa.

Kati ya hao, mmoja alinitoa jasho. Aliitwa Salvatori, Mrundi, muuguzi mpole, mzito wa kuandika. Wenzake walimaliza siku tatu, yeye alichukua wiki nzima. Nilipokagua kazi yake nikakuta ameacha mapengo kwenye kurasa kadhaa.

"Na hapa mbona hakuna kitu?" nikamuuliza.

"Nitajaza kisha, muzee."

"Kisha lini? Daftari lenye mashimo ni la nini? Hata kikapu kina mashimo machache!"

Akacheka kidogo, akainamisha kichwa, akatia saini. Lilikuwa jina la kumi na mbili. Miezi michache baadaye alihama na familia yake, wengine wakasema yuko Tanzania, wengine wakasema amerudi Burundi. Sikumfikiria tena.

Wa kumi na tisa alikuwa Godelive, mkunga, Mrundi pia, msichana aliyebisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Alikuwa akimwogopa Sista kiasi cha kutokaa kwenye kiti mbele yake. Alinakili daftari langu bila kukosea hata nukta, nikamsifu mbele ya watu.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi tulipokea boksi la magneziamu, ile dawa ya kifafa cha mimba, ambayo mama mjamzito mwenye presha kali anapigwa sindano asitetemeke akafa. Shirika lililokuwa likituletea dawa lilikuwa limemaliza muda wake, na hili boksi lilitoka ghala jingine. Nilihesabu vichupa, nikasaini, nikavimimina ndani ya kopo lilelile la zamani. Vilikuwa na ukubwa uleule, kioo kilekile. Sikusoma maandishi. Nani anasoma maandishi ya dawa anayoijua miaka yote?

Muda huohuo tulikuwa na mama mmoja wa kukimbizwa Mbarara, tayari ametetemeka mara mbili. Vichupa vya zamani vilivyobaki nilikuwa nimevimaliza kwake kabla ya boksi kufika, nikapanda naye kwenye gari la wagonjwa. Sista alikuwa Mbarara tangu jana yake kwenye semina, na ufunguo shingoni kama kawaida. Kituoni nilimwacha Godelive na mama mwingine, Mama Bahati, Mkongomani mwenzangu, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, kichwa kinamuuma, presha juu. Angengoja gari lirudi. Nikampa Godelive maagizo huku mguu mmoja uko garini.

"Akianza kutetemeka, fungua daftari, ukurasa wa kifafa cha mimba. Fanya kama ilivyoandikwa, usiongeze, usipunguze."

Mbarara, wodi ya wazazi, alitupokea daktari mwanamke mwenye sauti nzito. Akamwangalia mgonjwa, akaridhika, akaniuliza nilimpa dawa kiasi gani kabla ya safari. Nikamtajia idadi ya vichupa, kifua mbele.

"Musawo, mimi hapana uliza chupa. Gramu ngapi?"

Musawo kwao ndiye munganga wetu. Akatoa mfukoni kichupa cha magneziamu, akakiweka kwenye kiganja changu. "Soma."

Nikasoma. Kilikuwa na nembo ileile niliyoiona kwenye boksi la asubuhi, na nguvu yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya vile vya zamani. Daktari akaniambia wazi, bila ukali, kwamba mtu akihesabu vya aina hii kwa hesabu ya aina ile, mama ataacha kupumua kabla hajaacha kutetemeka. Nilimwona Godelive wazi kabisa akilini, na utii wake wote, amefungua mwandiko wangu mzuri.

Nilipiga simu mara saba. Simu ya Godelive haikupatikana, bila shaka, nani anakaa nyuma ya choo wakati ana mgonjwa? Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri mafuta. Nikatoka mbio nikachukua boda.

"Ssebo, huko Nakivale barabara imeharibika na mvua," mwenye boda akasema. "Sisi taenda polepole."

"Mimi nimebeba mtu anakufa."

Akageuka kunitazama nyuma. "Wapi yeye?"

"Ananingoja. Twende!"

Sitawaelezea njia. Nilisali sala zote ninazozijua na mbili za Wakatoliki ambazo sizijui vizuri. Katikati nikakumbuka kitabu cha Sista kilichoandika gramu tangu mwanzo, nikapata tumaini kwa muda wa kona moja, kisha nikakumbuka kufuli. Ufunguo ulikuwa Mbarara, kwenye semina ambayo sikujua hata iko hoteli gani. Nilitamani kulia lakini matope yalikuwa yameziba macho.

Nilipoingia chumba cha kuzalishia, jambo la kwanza nililoona ni kufuli ya kabati sakafuni, imevunjika. Pembeni yake kulikuwa na lile jiwe la kuzuia mlango. Kitabu cha Sista kilikuwa kimefunguliwa juu ya kitanda, miguuni kwa Mama Bahati, na daftari la Godelive limefungwa chini yake. Godelive alikuwa amesimama na saa mkononi, midomo ikienda.

"Kumi na sita," akasema. Alikuwa anahesabu pumzi. "Karibu, muzee."

"Umempa?"

"Nimempa. Kwa gramu." Akaonyesha kitabu. "Alianza kutetemeka saa sita. Nilitoa chupa kwenye kopo, nikaona maandiko yake si kama ile tuliyotupa asubuhi. Niliweka chupa mbili pamoja, nikasoma mara mbili. Namba hazifanani. Daftari linasema chupa tu, halisemi chupa gani." Sauti ikaanza kumtetemeka sasa, si wakati wa kazi. "Muzee, nimevunja kabati ya Sista."

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikahesabu pumzi za Mama Bahati mwenyewe, dakika nzima, nikarudia. Kumi na sita. Nikagonga goti lake kwa ukingo wa kiganja, mguu ukaruka, ishara kwamba dawa haijazidi, na sijawahi kuona mguu mzuri kama ule. Mgonjwa akafumbua macho.

"Munganga, unaniangalia mingi vile juu ya nini?" akauliza kwa sauti nzito ya usingizi. "Batoto bangu bamekula?"

"Bamekula, mama. Bamekula bote," nikamjibu, na sikuwa na habari yoyote ya watoto wake. Machozi yalinitoka, nami sikuyafuta. Gari liliporudi tulimpeleka Mbarara, akajifungua huko mtoto wa kike, mdogo lakini mkali wa kulia.

Sista alirudi kesho yake asubuhi. Godelive alikuwa hajala tangu jana, ana uhakika anafukuzwa. Sista akaona kabati.

"Nani navunja kabati yangu?"

Godelive akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikaanza mimi kueleza, kuanzia boksi hadi boda, na nilipofika kwenye sehemu ya daftari langu sikujiacha nje. Sista akaenda kitabuni, akasoma ule ukurasa, akakitazama kichupa, akasoma tena. Akavua ule uzi wa ufunguo shingoni.

"Banange," akasema taratibu, kama sisi tunavyosema jamani. "Mimi nalala na ufunguo, nafikiri nalinda watu." Kisha akamgeukia Godelive. "Wewe, kaa kwa kiti. Kula kwanza."

Kufuli nyingine hakununua. Alitoboa kitabu kwenye kona, akakifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ya chumba cha kuzalishia, kama mbuzi, na hapo kikasomwa mpaka kikachakaa. Bango la mtoto likatoka ofisini likaja ukutani petu. Mhasibu alilalamika kwamba ukuta wake umebaki mtupu.

Lakini mimi nilikuwa bado na majina kumi na tisa. Mliosoma kwa makini mmeshaelewa: ukurasa ule ulikuwa kwenye madaftari kumi na tisa, na vichupa vipya vilikuwa vinasambaa kila kituo. Yale majivuno yangu ya saini ndiyo yaliyoniokoa, kwani nilijua hasa nani wa kumtafuta. Nilichukua kalamu nyekundu na likizo ya wiki mbili. Nilizunguka kambi nzima kwa baiskeli, nikaenda Rugaaga, nikasimama mbele ya watu niliowafundisha nikiwa nimeinua kidole, nikawaambia: nilikosea, lete daftari. Ni sentensi fupi na inakwaruza koo. Mmoja alinibishia! Alisema haiwezekani daftari la Baba Rehema liwe na kosa, ilibidi nimshawishi kwamba mimi ndiye Baba Rehema.

Kila niliyemrekebisha nilimwekea alama nyekundu mbele ya jina. Wiki ya pili ikaisha na alama kumi na nane. Jina la kumi na mbili likabaki tupu. Nilituma salamu kwa madereva, kwa mapadri, kwa wafanyabiashara wa nguo wanaovuka mipaka. Hakuna aliyemjua Salvatori. Nilistaafu, wakanipa saa ya ukutani na keki, wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikimwaza mwanamke nisiyemjua, katika kituo nisichokijua, na mtu mpole mzito wa kuandika akifungua ukurasa wangu. Huzuni hiyo sikumwambia mtu. Hata usiku wa arusi ya Rehema niliikumbuka.

Sasa ninyi mna simu. Mwongozo mzima wa tiba uko mfukoni, hauhitaji Ijumaa wala mikaratusi, na nawaonea wivu wa waziwazi. Lakini nimekaa kwenye hayo makundi yenu ya simu, Godelive aliniingiza, na naona mnavyofanya. Mtu anatuma picha ya kiasi cha dawa, imekatwa juu na chini, haina jina la kitabu wala tarehe, na watu thelathini wanajibu "asante sana". Hilo ni daftari langu la bluu, wanangu, limepata umeme. Kabla ya kushukuru, uliza limetoka wapi na lini. Andika gramu. Soma kichupa kwa sauti, mwenzako asikie, hata kama ni dawa unayoijua kuliko jina la shemeji yako. Na dawa mpya usiimimine ndani ya kopo la zamani, nawasihi, kopo hilo bado naliota.

Ni kwenye kundi hilo mambo yalipoishia. Mwezi uliopita Godelive, ambaye siku hizi ni mwalimu wa wakunga na anakaa kwenye kiti chochote anachotaka, aliandika humo: kama kuna anayemjua Salvatori fulani, muuguzi, aliyewahi kufanya kazi Nakivale, amwambie mzee wake anamtafuta. Siku ya tatu simu yangu ikalia baada ya chakula cha mchana. Namba ya Burundi. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la zamani, limeliwa na panya pembeni, mwandiko mzito wa kujikokota. Nilivaa miwani. Kifafa cha mimba. Dalili zote zipo, jina la dawa lipo, na mahali pa idadi ya vichupa hapakuwa na kitu. Pengo jeupe, na mstari mdogo wa penseli: uliza kwanza.

Chini ya picha alikuwa ameandika: "Muzee, unisamehe. Mahali ambapo hukuandika imetoka wapi, niliogopa kunakili. Niliogopa pia kukuambia."

Yule niliyemkaripia kwa daftari lenye mashimo! Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka saa ya ukutani ikanionea haya. Nikamwandikia kwamba hakuna cha kusamehe, kwamba yeye ndiye pekee kati ya kumi na tisa aliyenakili sawasawa, na kwamba ile Fanta yake nitamrudishia. Kisha nikatoa daftari la bluu, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikaweka alama nyekundu mbele ya jina la kumi na mbili. Nikajilaza kwenye kochi, mchana kweupe, viatu mguuni.

Mke wangu alikuja akanitikisa bega, akauliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, Mama Rehema, niache nilale. Nimestaafu leo.